Jinsi ya kuuliza mapato na matumizi ya kijiji hadi ujibiwe

Mwaka 2006, chini ya mkwaju uliokuwa mbele ya ofisi ya kijiji nilichokitumikia upande wa Bahi, mzee mmoja alisimama akiegemea fimbo yake akaniuliza, "Mwanangu Mtendaji, hela zetu za mnada ziko wapi?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee. Zipo, taarifa inaandaliwa." Akasema haya, akakaa. Mkutano ukahamia kwenye ng'ombe walioingia shamba la mtama la mtu. Taarifa ilikuwa haiandaliwi. Ilikuwa na miezi saba haijaguswa, na wa kuiandaa nilikuwa mimi.

Swali la yule mzee lilikuwa la haki kabisa, lakini lilikuwa jembe lisilo na mpini. Hakusema mnada wa mwezi gani, kiasi gani, kwa stakabadhi ipi. Mimi niliyekuwa na vitabu vyote kabatini nikamjibu kwa sentensi mbili akaridhika, au alijifanya ameridhika kwa kuwa hakuwa na cha kuongeza.

Nimekuwa mtendaji wa kijiji miaka 18, vijiji vitatu, vyote mkoa wa Dodoma, nikastaafu 2022. Najua mtendaji anapitia wapi akitaka kukwepa kwa sababu nimepita huko. Haya ndiyo ninayowaelekeza majirani wanaokuja barazani kwangu, wengi wao akina mama wa vikundi, na nimeyapanga kwa jinsi yanavyotakiwa kufanywa, siyo kwa jinsi yalivyoandikwa kwenye sheria.

Jua kwanza hela ipi iko kwa nani

Mikutano mingi inaharibika hapa. Mtu anasimama kwa uchungu kumuuliza mwenyekiti wa kijiji hela za maji, mwenyekiti anajibu kwa kweli kabisa kwamba hazimhusu, watu wanaguna, na aliyeuliza anaonekana mchochezi.

Hela za bomba na kisima haziko kwenye akaunti ya kijiji. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, vijijini maji yanaendeshwa na chombo cha watumia maji, kina viongozi wake na akaunti yake, na kinasimamiwa na RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Hela za uendeshaji wa shule za msingi, tangu elimu bila ada ianze 2016, zinatoka Serikali Kuu zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Wa kuulizwa ni mwalimu mkuu na kamati ya shule. Zahanati nayo ina akaunti yake na kamati yake.

Zinazobaki kwa mtendaji na mwenyekiti ni hela za kijiji chenyewe: michango iliyopitishwa na mkutano mkuu, ada na faini za sheria ndogo, kodi ya mashamba au majengo ya kijiji, kodi ya mnara wa simu kama umejengwa kwenye ardhi ya kijiji, na sehemu ya ushuru ambayo halmashauri ya wilaya inairudisha kijijini. Chukua daftari, andika vyanzo vya kijiji chako kimoja kimoja. Usipovijua, kaa na mjumbe wa Kamati ya Fedha na Mipango. Kila kijiji kinatakiwa kuwa na kamati hiyo, pamoja na ya Huduma za Jamii na Kujitegemea, na ya Ulinzi na Usalama. Kama mjumbe wa kamati ya fedha mwenyewe hawezi kukutajia vyanzo vya mapato, umeshapata swali lako la kwanza.

Jua pia nani anawajibika kwa nani

Mwenyekiti wa kijiji amechaguliwa na ninyi. Uchaguzi wa serikali za mitaa ni kila miaka mitano, wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji ameajiriwa na halmashauri, analipwa mshahara, anaweza kuhamishwa au kufunguliwa mashtaka ya kinidhamu na mkurugenzi. Yeye ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji na ndiye mtunza vitabu. Kwa hiyo mwenyekiti akikosea mnamalizana naye mkutanoni, mtendaji akikosea malalamiko yanapanda kwa mwajiri wake. Nimeona wananchi wakimpigia kura ya kutokuwa na imani mtendaji, wakashangaa Jumatatu yupo ofisini anafungua dirisha.

Juu ya wote hao upo mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inaufanya kuwa mamlaka ya juu kabisa kijijini, na wajumbe wake ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Hakuna kadi ya kuingilia. Hauangaliwi chama chako wala kabila lako. Unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inakaa kila mwezi. Lishike hili la miezi mitatu, tutalirudia.

Wiki mbili kabla: kusanya karatasi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wengi wanaporuka.

Pita nyumba kwa nyumba kwenye kitongoji chako, kwa heshima, uliza kila kaya ilitoa nini na ilipewa nini. Siwashauri muende watu kumi kama msafara. Nenda wewe na mwenzako mmoja, mkae, mnywe maji, muulize habari za watoto na za shamba. Kisha ombeni kuona stakabadhi. Mkikuta kaya 214 zimetoa 5,000 kila moja kwa ajili ya darasa, basi mnajua kwamba mbele ya mkutano lazima isomwe 1,070,000. Ikisomwa 800,000, huhitaji kumwita mtu mwizi. Unahitaji kusimama na kusoma hesabu yako.

Stakabadhi iangalieni vizuri. Zile za kitabu zina nakala inayobaki chini ya karatasi ya kaboni, na wizi wa zamani kabisa ni kuandika 5,000 kwenye karatasi ya mwananchi na 500 kwenye nakala. Mtu anatoa kaboni, anaandika mara mbili. Ninyi mkiwa na karatasi ya juu, mnaandika namba yake ya mfululizo pembeni ya jina la mtoaji, na siku ya mkutano mnaomba nakala ya namba ileile isomwe kwa sauti. Dakika mbili zinatosha. Nimeshuhudia kijiji kizima kikinyamaza kusikiliza namba tatu tu zikisomwa.

Kama ni karatasi ya mashine ya posi, ipige picha kwa simu siku hiyohiyo. Wino wake hauvumilii jua letu, na karatasi iliyokaa miezi miwili kwenye mfuko wa shati huku Dodoma inakuwa nyeupe kama haijawahi kuandikwa. Mchango ukidaiwa kwako bila stakabadhi ya aina yoyote, usitoe. Sema kwa upole, "Mtendaji, ninayo hela hii hapa, nasubiri kitabu." Kuna wanaoona haya kumdai mjumbe stakabadhi kwa sababu ni shemeji au mkwe. Stakabadhi inamlinda na yeye pia.

Nitaeleza kwa nini nasema inamlinda.

Mwaka 2009 nilikuwa na 180,000 za mchango wa zahanati ndani ya sanduku langu nyumbani. Benki ilikuwa mjini, kwenda na kurudi ni siku nzima na nauli nilikuwa natoa mfukoni. Nikasema nitapeleka nikienda kuchukua mshahara. Katikati mtoto wangu wa pili akaugua malaria kali usiku. Nikafungua sanduku, nikachukua 40,000. Nilizirudisha mshahara ulipoingia, kila shilingi, na hakuna aliyejua mpaka leo ninapoandika. Lakini mimi nilijua. Nilijua pia kwamba mara ya pili isingeniuma kama ya kwanza, na hilo ndilo lililonitisha. Wenzangu wawili tuliokuwa nao kwenye kozi pale Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo waliishia kufukuzwa kazi, na hawakuanza na mamilioni. Walianza na sanduku la nyumbani.

Laiti kungekuwa na mtu mmoja tu kijijini mwenye desturi ya kuniuliza, "Mama, slipu ya benki ya Ijumaa tunaweza kuiona?", ningeenda benki Ijumaa.

Andika barua fupi

Usisubiri siku ya mkutano kuomba vitabu. Andika barua kwa mtendaji, ipitie kwa mwenyekiti wa kitongoji ili naye asije kusema hakujua. Iwe nakala mbili. Moja unaiacha, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, unarudi nayo. Kama muhuri "umefungiwa", mwambie aandike kwa mkono "nimepokea", tarehe na sahihi. Barua yenyewe isizidi mistari sita, kama hii:

*Ndugu Mtendaji, sisi wakazi wa Kitongoji cha … tunaomba taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji kwa kipindi cha Julai hadi Septemba iwe ajenda kwenye mkutano mkuu ujao, na isomwe pamoja na taarifa ya benki ya kipindi hicho. Tunaomba pia kuona kitabu cha fedha, hati za malipo na muhtasari wa mkutano mkuu uliopita kabla ya siku ya mkutano. Tunaomba chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Tutashukuru kujulishwa siku ya kuja ofisini.*

Majina, sahihi, namba za simu. Watu watano wanatosha.

Nimetaja Julai kwa makusudi. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai unaisha 30 Juni, hivyo robo ya kwanza ni Julai, Agosti na Septemba. Ukiomba "taarifa ya mwaka huu" unampa mtu nafasi ya kukuletea mwaka anaoutaka. Na sheria niliyoitaja, ambayo ni Na. 6 ya 2016, inampa mwenye taarifa siku 30 za kukujibu. Siku hizo zinahesabiwa kutoka kwenye ule muhuri wako, ndiyo maana nakuambia usirudi nyumbani bila muhuri.

Mkipewa vitabu, tafuteni vitu viwili tu, msijichoshe. Cha kwanza ni tarehe: hela imekusanywa lini kwenye stakabadhi, imeingia benki lini kwenye taarifa ya benki. Siku moja au mbili, haya, benki ziko mbali. Siku 19 zinahitaji maelezo. Hela inayokusanywa ikatumika kabla ya kuona benki ndiyo inayotajwa kila mwaka kwenye ripoti za ukaguzi wa halmashauri zetu. Cha pili ni hati za malipo ambazo hazina kiambatisho. Hati inasema "posho na nauli 150,000" halafu nyuma yake hakuna orodha ya waliolipwa wala sahihi zao. Ziandikeni namba hizo pembeni.

Siku ya mkutano

Angalia ajenda kabla ya kukaa. Kama mapato na matumizi yamewekwa kwenye "mengineyo", nyosha mkono mwanzoni kabisa, wakati ajenda zinapitishwa, uombe yapandishwe juu. Mengineyo yanafikiwa saa kumi na mbili jioni, akina mama wameshaondoka kuchota maji na kupika, wamebaki wazee wanne na vijana wanaosubiri kuona ugomvi. Mimi nilikuwa naweka huko. Najua kwa nini nilikuwa naweka huko.

Angalia pia msimu. Mkutano unaoitishwa Januari asubuhi, watu wakiwa mashambani wanapalilia, unajulikana utakuwa na watu wangapi. Si kila mara ni hila, lakini mnaweza kuomba uwe Ijumaa baada ya sala au Jumapili baada ya kanisa.

Gawaneni kazi watu watatu. Mmoja anauliza. Wa pili anasimama baada yake kusema, "Naunga mkono swali, tungependa lijibiwe." Wa tatu hasemi chochote, anakaa karibu na meza kuangalia kama katibu anaandika. Huyu wa tatu ndiye muhimu. Kwenye serikali za mitaa, kisichoandikwa kwenye muhtasari hakikusemwa. Swali likishaulizwa, muulizaji aongeze: "Mwenyekiti, naomba swali langu na jibu la Mtendaji viingie kwenye muhtasari kama vilivyo."

Swali liwe hivi: "Shikamoo Mwenyekiti, nawasalimu wajumbe. Stakabadhi namba fulani hadi fulani, za tarehe 12 Agosti, zina jumla ya shilingi 320,000. Taarifa ya benki ya Agosti haina hiyo hela. Naomba kujua iliingia lini na kwa slipu gani." Halafu ukae. Usiongeze hotuba. Watu wengi wenye hoja nzuri wanaipoteza kwa kuendelea kuongea, wanaingia kwenye nyumba ya mtendaji, kwenye pikipiki aliyonunua mtoto wake, na hapo mwenyekiti anapata sababu ya kufunga mjadala kwamba mnashambulia watu. Neno "umeiba" liache kabisa. Sema "karatasi inaonesha". Wewe huna mamlaka ya kumtia mtu hatiani, na huyahitaji.

Akijibu "nitaleta", uliza tarehe, iandikwe. Akijibu "hayo mambo ya siasa, huyu katumwa na chama fulani", usihangaike kujitetea kichama. Sema, "Mwenyekiti, mimi ni mkazi wa kijiji hiki, swali langu linahusu stakabadhi," urudi kwenye namba. Kila akikutoa nje ya namba, unarudi kwenye namba.

Na kama hakujibu kabisa, nyumbani mnaondoka na kitu kikubwa ambacho wengi hawakijui: yatokanayo. Mkutano ujao, kabla ya ajenda yoyote mpya, muhtasari wa mkutano uliopita unasomwa na kuthibitishwa, na yale yaliyobaki bila majibu yanaulizwa tena. Swali lenu likiwa limeandikwa, litarudi lenyewe. Halihitaji tena ujasiri wa mtu. Kiongozi anaweza kumchosha mtu mmoja jasiri, lakini ajenda ya yatokanayo haichoki. Ndiyo sababu mkutano wenyewe usipoitishwa miezi sita, swali la kwanza kuandika barua ni kwa nini haujaitishwa.

Ujenzi, na ndugu wa mjumbe

Hela kubwa siku hizi zinapita kwenye ujenzi wa fosi akaunti, ambapo shule au kijiji kinanunua vifaa na kuajiri mafundi wenyewe badala ya mkandarasi. Mwaka 2021 fedha za UVIKO-19 zilipokuja, madarasa 15,000 nchi nzima, shilingi milioni 20 kila moja, vijiji ambavyo havijawahi kushika milioni mbili vilishika milioni 40 kwa miezi miwili. Kuna kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na wajumbe wake ni ninyi wananchi.

Ukiteuliwa kamati ya mapokezi usione ni cheo kidogo. Saruji ikija, hesabu mfuko kwa mfuko ukiwa umesimama pale gari linaposhushwa, ndipo usaini. Kama zimeandikwa 200 na umehesabu 186, andika 186. Mchanga na kokoto ndipo panapopotea zaidi, kwa kuwa watu wanaandika "tripu" bila kusema tripu ya gari gani. Tripu ya kenta na tripu ya tipa kubwa si kitu kimoja. Andika namba ya gari na ukubwa wake.

Ukiwa kamati ya manunuzi, zitazameni zile nukuu tatu za bei kutoka maduka matatu. Niliwahi kuletewa tatu zenye mwandiko mmoja na kalamu moja, na mihuri mitatu tofauti. Nilizikataa, na aliyezileta hakunisalimia karibu mwaka. Na kama mmoja wa wajumbe ana ndugu anayeuza mawe au mbao, sitaki mseme hafai kuuza. Hapa kwetu ukisema ndugu wa mjumbe wasiuze, nani atabaki? Linalotakiwa ni mjumbe kutangaza uhusiano huo mwanzoni mwa kikao, atoke nje wakati bei inajadiliwa, na iandikwe kwamba alitoka. Madiwani wana kanuni zao za maadili tangu mwaka 2000 zinazowabana kwa jambo hilohilo, na kijijini tunaweza kujibana wenyewe kwa muhtasari.

Ardhi

Nitasema kwa kifupi, japo moyo wangu ungependa kusema kurasa kumi. Tangu serikali itangaze kuhamia Dodoma mwaka 2016, na manispaa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, ardhi ya vijiji vinavyozunguka imekuwa ikitafutwa na watu wenye magari na haraka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 8, inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Inasema pia kwamba kila mkutano mkuu wa kawaida upewe taarifa ya usimamizi wa ardhi. Basi kila robo mwaka uliza: katika miezi mitatu hii, nani kapewa ardhi, ekari ngapi, na mkutano gani ulipitisha? Lijibiwe kwa kusoma muhtasari, siyo kwa kukumbuka. Walio mjini kwenye mitaa, ambako mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa viwanja kabisa, wakidaiwa hela yoyote ya "kugongewa muhuri" kwenye mauziano waombe namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Isipokuwepo, hela hiyo haiendi serikalini.

Ikishindikana kijijini

Panda ngazi, usiruke. Ukiruka, kila unayemfikia atakurudisha chini, umepoteza wiki. Anza na mtendaji wa kata, na umpe nakala diwani. Kisha mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ana mkaguzi wa ndani anayeweza kumtuma kukagua vitabu vya kijiji. Ambatanisha nakala za stakabadhi, barua yenye muhuri na ukurasa wa muhtasari. Barua isiyo na jina, nitakuambia ukweli wa mezani, bila ushahidi inawekwa pembeni. Yenye nakala za karatasi inasomwa hata kama haina jina.

Baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Nendeni hata wawili. Diwani anayejua kwamba watu wake wamekaa nyuma anazungumza tofauti.

Ukiona ni rushwa, siyo uzembe, yaani mtu kaomba au kapokea kitu ili afanye au asifanye kazi yake, hiyo ni ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, simu 113, bure. Diwani na mkurugenzi wanabanwa pia na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995. Wanatakiwa kutoa tamko la mali na madeni kila mwisho wa mwaka, na malalamiko ya ukiukwaji wa maadili yao yanapelekwa Sekretarieti ya Maadili. Anayehofia usalama wake ajue ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, ya mwaka 2015.

Kuhusu ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali: anaikabidhi kwa Rais mwisho wa Machi, inafika bungeni Aprili, na baada ya hapo ipo kwenye mtandao wa Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Mwombe kijana mwenye simu awatafutie jina la halmashauri yenu. Lakini mkisikia halmashauri imepata "hati inayoridhisha", msianze kupiga vigelegele. Hati hiyo inasema hesabu zimeandaliwa na kuoneshwa inavyotakiwa. Haisemi kwamba hakuna stakabadhi iliyopotea kijijini kwenu. Hilo mtalijua ninyi.

Mwaka jana nilihudhuria mkutano wa kijiji ninachoishi sasa, nikiwa mkazi wa kawaida, nimekaa kwenye mkeka na wenzangu. Mtendaji ni kijana, mtoto wa umri wa mjukuu wangu wa kwanza. Mama mmoja wa kikundi cha alizeti alisimama na bahasha yake ya kaki, akamsalimia mwenyekiti, akasoma namba ya stakabadhi, tarehe na kiasi, akakaa. Yule kijana akafungua kitabu akatafuta. Alichukua muda, kurasa zikawa zinashikana, mikono inamtetemeka kidogo. Akaipata. Akaisoma, akasoma na tarehe ya benki: siku iliyofuata. Mama akasema, "Asante Mtendaji, imekaa sawa." Likaandikwa kwenye muhtasari. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali jingine kwenye ajenda hiyo, hakukuwa na swali, tukaingia kwenye ajenda ya barabara ya kwenda kisimani.